Almasi ya Meja

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, enzi zile za utawala wa wanajeshi, nikiwa msichana mgeni kazini katika ofisi ya madini, hapa hapa Kampala. Watu walituletea mawe, nasi tukawaambia yalikotoka. Mkubwa wangu, Mzee Lubega wa Mengo, alikuwa mpole hadi unatamani kumtikisa. Alinifundisha: jiwe litazame, likwaruze, mwisho lilambe.

Siku hiyo akaingia meja na askari wawili. Akaweka mezani jiwe la marehemu babu yake, jeupe lenye wekundu kidogo.

"Hii ni almasi. Nimeshaambia wakubwa. Sema tu imetoka wapi, tuende kuchimba."

Meja huyo mji mzima ulimjua. Waliomuudhi aliwapakia kwenye buti ya gari, na gari likarudi bila wao.

Mimi na kiherehere changu nikalilamba jiwe. Banange! Ujue chumvi ilikuwa imeadimika, maharage tunayameza kama dawa. Nikalilamba tena.

"Afande, hii chumvi! Tena tamu!"

Askari mmoja akachungulia dirishani, kule lilikoegeshwa gari.

Mzee Lubega hakukubali, hakukataa. Akamvutia meja kiti.

"Ssebo, babu alikuwa anaweka wapi hii jiwe?"

"Kwa zizi. Yeye alikuwa na ng'ombe mingi."

"Na ng'ombe walikuwa wanafanya nini nayo?"

"Walikuwa wanalamba..."

Meja akalitazama jiwe, akanitazama mimi, kisha akaangua kicheko hadi kofia ikamwanguka.

"Kumbe! Babu alinunua kwa watu wa Katwe!"

Katwe ya ziwa la chumvi kule magharibi, mwanangu, siyo hii yetu ya mafundi.

"Hata wakubwa hawana chumvi," akasema akijifuta machozi. "Nitawapelekea hii hii." Akalivunja kwa kitako cha bunduki, akatuachia kipande. Jioni ile nyumbani tulikwangua sufuria ya maharage.

Lakini kwanza Mzee Lubega alinikaripia. "Muwala, msichana wewe, umesema kweli, na kidogo ituue. Mwenye jiwe anajua limetoka wapi. Muulize, aseme mwenyewe."

Basi mwanangu, wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukweli usiufiche, ila mwenye hasira muulize taratibu mpaka aufikie kwa miguu yake. Mungu akujaalie subira ya Mzee Lubega, na chungu chako kisikose chumvi.