Saa Kumi na Tano Kutoka Edmonton

Nyanya yangu alipofariki hapa Juba, swali lilibaki moja: je, mama yangu mdogo, kitinda mimba wake aliyeishi Kanada miaka kumi na minane, angefika kumwona kabla hajazikwa? Mjomba, aliyesimamia msiba, alinigeukia mbele ya wazee.

"Msomi, wewe unabishana hata na mchungaji. Haya, kutoka Edmonton mpaka Juba ni saa ngapi?"

Nilitoa simu. Tovuti moja ilinipa umbali kati ya viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili: kilomita zaidi ya elfu kumi na mbili. Muda wa safari: saa kumi na tano na dakika ishirini na tatu. Palikuwa pia na ramani, nayo ikanisahaulisha msiba kwa muda. Nilidhani mstari ungekatiza moja kwa moja juu ya Atlantiki. Kumbe ulitoka Juba ukapanda kaskazini, ukapita Libya, ukavuka Ulaya, ukapinda juu ya barafu ya Greenland, ndipo ukashuka Kanada. Kwamba dunia ni mviringo nilifundishwa, nikafaulu mtihani. Mwili wangu ulikuwa haujawahi kuliamini jambo hilo.

"Saa kumi na tano," nikasema.

"Khalas, yamekwisha. Anapanda leo jioni, kesho alasiri tunazika."

Akatuma watu makaburini Rejaf, nje ya mji, wachimbe kaburi. Akakodi basi.

Asubuhi, tukijiandaa kwenda mochari kuuchukua mwili, mama mdogo akapiga simu. Alikuwa bado Toronto, akisubiri ndege ya Addis Ababa, na huko Addis angesubiri nyingine. Ndipo nikaelewa. Tovuti ilipima anga tu. Hakuna ndege inayoufuata mstari ule. Mimi ninayehoji kila kitu sikuihoji namba hiyo, nadhani kwa sababu ilikuwa na dakika.

Nilimwambia mjomba mbele ya watu wote.

"Chuo kikuu chote kile, hukuuliza ndege inapitia wapi?"

"Sikuuliza, mjomba."

"Hata boda wa soko la Konyo-Konyo tunamuuliza!"

Kina mama walicheka huku wakijifuta machozi. Lakini mzee mmoja hakucheka. Kaburi likishachimbwa, alisema, halilali peke yake, tuzike leo. Mjomba akasema, "Basi halitalala peke yake." Watu wanne wakaenda Rejaf kukaa kando ya shimo mpaka kesho yake. Hakuna aliyewaomba mara mbili.

Mama mdogo alifika siku iliyofuata, mchana. Ilikuwa karibu siku mbili tangu afunge mlango wa nyumba yake. Miguu ilikuwa imevimba, viatu havikuingia, akavishika mkononi na kutembea peku juu ya changarawe hadi kwenye jeneza lililofunuliwa uani. Aliweka kiganja juu ya shavu la mama yake. Nilikitazama kiganja hicho, nikaufikiria mpindo wote ule wa dunia uliokileta hadi pale, na kwa mara ya kwanza sikuwa na swali.

Mjomba aliinua mkono, waimbaji wa kanisa waliokuwa wakiimba wakanyamaza.

"Mmeningoja," mama mdogo akasema.

"Aliyekungoja ni yeye," mjomba akamjibu. "Sisi tulikaa tu."