Alto ya Mama

Wiki ile nilikuwa mtu wa kusema ndiyo. Kamati ya mazishi ilikaa kwetu kila jioni, na mimi kama kifungua mimba niliulizwa kila kitu. Hema likae upande wa migomba? Ndiyo. Ng'ombe achinjwe Ijumaa? Ndiyo. Mama alikuwa amekufa na mimi sikuhisi chochote, kama mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno. Nilikula, nikaoga, nikaitikia.

Siku moja kabla ya maziko, mwalimu wa kwaya ya kanisa alinijia na shida yake. Mama alikuwa ametunga wimbo, akajirekodi akiimba alto, sauti ya chini ya wanawake, kwenye laptopu yangu ya zamani, kisha akaugua kabla hajawafundisha wenzake.

"Soprano tuko nayo," mwalimu aliniambia. "Alto ilikuwa na yeye peke yake. Bila hiyo, kesho hatuimbi."

Laptopu hiyo ilitumia mfumo wa Linux, na mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimeiwekea toleo jipya la mfumo huo. Programu aliyorekodia Mama ilikuwa imetoweka. Baada ya chai ya saa nne niliketi sebuleni, baba yangu kando, nikajaribu kuirudisha. Programu ikasema inahitaji kifurushi fulani cha zamani, programu ndogo ya kuitegemeza. Nikakitafuta. Hicho nacho kikataka kingine, kikuukuu zaidi, na hicho kingine hakikupatana na kipya kilichokuwa tayari ndani ya mashine. Ni kama kualika ukoo: humwaliki mmoja bila shangazi zake, na kuna shangazi asiyeongea na mwenye nyumba. Siku nyingine ningecheka.

"Hiyo kitu imefika wapi?" Baba akauliza.

"Bado, nau," nikamjibu, kama tunavyomwita baba kwetu. "Inabishana."

Mwishowe mashine ikapata njia. Ingeweka vile vya zamani, lakini kwanza iondoe vingine, ikavitaja safu kwa safu hadi chini ya skrini, kisha ikauliza kama iendelee. Kila anayetumia Linux anajua kwamba hapo mtu husoma. Mimi nilisikia kamati tu. Nikajibu ndiyo.

Iliondoa madirisha ya kwenye skrini, aikoni, Wi-Fi, kila kitu. Ikabaki skrini nyeusi na mstari mmoja wa kuandikia amri. Na programu yenyewe haikufunguka hata hapo, kwa kuwa ilihitaji madirisha yaleyale. Nilitazama tu. Hata kujikasirikia nilishindwa.

Lakini faili zilikuwepo. Programu ile ilihifadhi sauti kwa vipande vya sekunde chache, vyenye majina ya ovyo, na kila kipande kingeweza kuchezwa peke yake kwa kuandika amri. Nikaita kwaya. Wakajaa sebuleni, wengine mlangoni, nikaanza kucheza kimoja baada ya kingine, bila mpangilio. Mama akaimba katikati ya ubeti. Mama akakohoa. Mama akaimba mwanzo.

"Hebu rudia hiyo," mwalimu alisema, huku akiimba chini chini na kuunganisha vipande, maana maneno aliyajua. Jua lilikuwa limepanda na mabati yakitoa joto. Kabla ya chakula cha mchana, alto ilikuwa midomoni mwao.

"Sasa imetosha," mwalimu akasema. "Asante sana."

"Endelea," Baba akaniambia.

Vilibaki vichache. Nikacheza kilichofuata. Hakikuwa na wimbo. Ilikuwa sauti ya Mama ya kila siku, yenye uchovu kidogo: "Mzee, funga huo mlango, baridi inaingia."

Baba akainuka. Waliokuwa mlangoni wakaingia ndani kumpisha. Akaufunga, akaujaribu kama umeshika, akarudi kuketi. Tulikuwa tumebanana, jasho likitutoka, na hakuna aliyeufungua.