Boda Ilizaliwa Wapi

Mpwa wangu alipokwenda kujitambulisha ukweni, Busia upande wa Kenya, dada yangu alinichagua mimi niwe msemaji wetu. Wengine wote wa kwetu Mulanda, upande wa Uganda, hutetemeka wakisimama mbele ya watu. Mimi pia hutetemeka, ila nina suti.

Desturi tunaijua. Wageni husimamishwa langoni, msemaji wa wenyeji huwakejeli kwa maswali, na anayeshindwa hutozwa faini ndipo aingie. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya ng'ombe na ya ukoo.

"Mkwe," akaanza msemaji wao, "tumesikia ujanani ulikuwa boda wa baiskeli hapa mpakani."

"Ni kweli."

"Basi swali jepesi. Hilo neno boda lilizaliwa wapi? Hapa kwetu Busia, au kwenu Tororo, kule Malaba? Ukijibu, ingia ule kuku. Ukishindwa, rudi Mulanda ukale viazi."

Nyuma yangu dada akanong'ona, "Sema Busia! Haraka!"

Mtu mwenye akili angesema Busia. Mpwa wangu alikuwa akitota jasho ndani ya kanzu, na mchumba wake alikuwa amefungiwa ndani hadi sisi tukubaliwe. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kutenda haki, na hunishika mahali pabaya.

Nikasema neno lenyewe ni la Kiingereza, tena kamusi ya binti yangu inasema Waingereza nao walilitoa kwa Wafaransa, likiwa na maana ya ukingo. Wao huita hivyo mpaka wa nchi, pindo la nguo, hata safu ya maua kando ya ua. Mimi niliyeishia darasa la saba niliujua mpaka tu. Abiria alishushwa na basi upande mmoja na safari yake ilikuwa upande wa pili, nasi tukamwita: boda, boda! Kisha neno likauacha mpaka, likapanda baiskeli. Halafu likamwingia mwendeshaji, nami nikawa boda. Mwisho likanunua pikipiki, likaenda Kampala bila kutuaga.

"Sasa," nikaendelea, "watu wa Busia wana hoja yao. Lakini wa Malaba nao, tukiwatendea haki..."

Mtu akapiga miayo. Harufu ya kuku ilikuwa inapungua.

"Mzee," msemaji akanikata, "tumeuliza wapi. Ya Ufaransa hatujauliza."

"Mimi nililikuta tayari linatumika," nikasema. "Sijui."

"Akh!" dada yangu akalia. "Mtoto yangu atakosa bibi juu ya hii suti!"

Wenyeji wakateta kidogo. Nilianza kutafuta maneno ya kumwambia mpwa wangu njiani tukirudi.

"Asiyejua neno," msemaji akatangaza, "atuonyeshe kama anaijua kazi. Leteni baiskeli! Shangazi wa bibi harusi, panda. Akikufikisha mlangoni pa nyumba, tunafungua. Akikuangusha, ni viazi."

Shangazi alikuwa mama wa kukijaza kitenge chake. Alikaa nyuma, chuma kikalia.

"Nishike wapi, mkwe? Hilo tumbo lako halina kona."

Tulianza vizuri. Tulipopita tangi la maji njia ikapanda, magoti yangu yakakumbuka umri wangu, na baiskeli ikasimama. Nikasikia nyuma kumekuwa kwepesi. Shangazi alikuwa ameshuka bila kuachia kiti, ananisukuma.

"Kanyaga, usinitazame," akaninong'oneza. "Kijana wenu ni mzuri, na mimi nina njaa."

Uwanja mzima ulituona. Walicheka mpaka msemaji akavua kofia kujipepea, na vigelegele vikaanza kabla hatujafika. Mlango ukafunguliwa.

Mpwa wangu ana mke sasa, na ukweni kwake mimi huitwa Boda. Wanasimulia kwamba shangazi alinisukuma njia nzima. Hiyo si haki. Kutoka langoni hadi kwenye tangi nilimbeba mwenyewe. Ila kipande hicho, nikisema ukweli, ni mteremko.