Poda Iliyorudi Nyumbani

Naikumbuka siku moja, mwanangu. Nilirudi kutoka Pweto nikiendesha lori langu la kwanza, limejaa samaki wakavu. Miye niliishia darasa la sita la msingi. Lakini uliza sokoni hapa Lubumbashi, watakuonyesha bohari zangu. Sikupewa kitu na muntu.

Kwetu gari jipya lazima linyweshwe bia. Nikamfuata Kalenga, mtoto wa mama mdogo, wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Saa nane mchana alikuwa na mtihani wa hesabu.

"Yaya, kaka yangu, leo hapana. Niko na examen."

"Examen itakupa lori?"

Wenzake wa darasa, chupa tayari mkononi, wakacheka: "Muache, anaogopa mama yake! Profesa mutoto!"

Chupa moja tu, Kalenga akasema. Saa nane ilimkuta amelala ndani ya lori langu. Nilimwona, mwanangu. Sikumwamsha. Nilipenda watu wamwone msomi akikoroma kwenye gari la asiyesoma.

Siku ya kutangaza matokeo, mama mdogo alisimama kwenye uwanja wa chuo na kopo la poda, kama akina mama wote, amwagie mwanawe kichwani akishinda. Majina yakasomwa hadi la mwisho. Wengine wakiimba, vichwa vyeupe, yeye alifunika kopo, akalifunga ndani ya kitenge. Hakunitazama.

Mtihani wa marudio ulikuwepo. Sisi wenye akili tukamwambia Kalenga: "Diploma haijazi sufuria." Hakwenda.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kazi yangu ni kunusa samaki, na sikujinusa mwenyewe. Leo Kalenga anabeba magunia yangu. Zamani aliniita yaya. Sasa ananiita patron, bosi wake, macho chini. Mama mdogo tumeshamzika. Kopo tulilikuta juu ya kabati, bado limejaa.

Basi sikia. Anayekucheka kwa ajili ya daftari hatasimama nawe jina lako lisiposomwa. Hata akiwa ndugu. Hata akiwa na lori. Ukiniona miye nakuja na chupa siku ya mtihani, nifungie mlango.

Mungu akuzibe masikio wakicheka, na siku yako mama yako amwage kopo lote, asibakize hata vumbi.