Fulu wa Sebuleni

Mwezi uliopita niliitwa mahojiano ya kazi katika ofisi moja hapa Kisumu, na kwa kuwa mimi hufika mapema kupita kiasi, nilikaa mapokezi muda mrefu nikitazama tangi la samaki. Ndani mlikuwa na samaki wekundu wa dukani, wale wenye mikia kama kitambaa chepesi. Maji yalikuwa na ukungu. Samaki wote walikuwa juu, midomo yao ikigusa hewa. Dada wa mapokezi akainuka, akawatilia chakula kiganja kizima, akarudi kupokea simu. Nikaanza kujiuliza kama nimwambie. Nikimwambia, ataona najifanya mjuaji kabla hata sijaajiriwa. Nisipomwambia, watakufa kabla ya Jumapili. Nilikuwa bado nayapima hayo mawili jina langu lilipoitwa, nikaingia ndani na samaki kichwani badala ya majibu. Kazi sikuipata. Samaki sijui yaliyowapata.

Lakini wewe unajua jinsi jambo dogo linavyoweza kumrudisha mtu nyuma. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilikumbuka tangi letu, na sebule yetu, na nyanya yangu Dani akiwa mgonjwa kwenye chumba cha pili.

Tulikaa ukingoni mwa mtaa wa Manyatta, miaka ya themanini ikielekea mwisho, kwenye nyumba za kupanga zilizoshikana mstari mmoja, bomba la maji likiwa uani kwa wote. Asubuhi iliamka na sauti ya ndoo zikigongana pale bombani. Jioni ilikuwa na harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye mafuta na moshi wa jiko la makaa, na kwaya ya kanisa la jirani ikirudia ubeti uleule mpaka nasi tukaujua. Baba alifanya kazi Nakuru na kuja mwisho wa mwezi. Nyumbani tulikuwa mimi na Mama.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa mwalimu wa sayansi, kapera, mtu mwembamba aliyependa vitu ambavyo havikuwa na faida kwa mtu yeyote. Aliwahi kuleta samaki wekundu kutoka Nairobi, akasafiri nao kwenye treni wakiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa hewa. Walikufa wote upesi. Mwalimu hakusikitika sana. Alisema kosa lilikuwa lake, aliwachagua kwa sababu walimpendeza. Mtu anayeanza, alisema, achague samaki ambaye tayari ameyazoea maji ya mahali anapoishi.

Ndiyo maana Jumamosi moja alinichukua mpaka Dunga. Pale ufuoni wavuvi wa mbuta, yule sangara mkubwa wa ziwani, walikuwa wakitoa kamba zao za ndoana, na kando ya mashua kulikuwa na beseni lililojaa fulu hai. Fulu ni samaki wadogo, urefu wa kidole au kiganja, na wakati huo kazi yao ilikuwa kutundikwa kwenye ndoana ili mbuta aje. Zamani walikuwa chakula. Mwalimu alichuchumaa kwenye lile beseni akakaa muda mrefu mno.

"Mwalimu," mvuvi mmoja akasema, "unachagua chambo kama mtu anachagua bibi."

"Bibi nitachagua haraka," mwalimu akajibu bila kuinua kichwa. "Hii lazima iishi."

Alinionyesha kila kitu. Tazama jicho, liwe angavu. Tazama mapezi, yasiwe yamechanika wala kubanwa mwilini. Anayejitenga pembeni peke yake, mwache. Wawe wa kimo kimoja, la sivyo mkubwa atamla mdogo. Dume awe mmoja tu, na madume utawajua kwa rangi. Majike ni wa kijivu kama udongo. Dume tuliyempata alikuwa na ubavu wa buluu na mkia mwekundu, na alipogeuka kwenye jua nilishangaa kwamba kitu kama hicho huliwa na samaki mwingine kila siku bila mtu kukiona.

Kazi yangu ilikuwa maji. Maji ya bomba yana dawa, kwa hiyo niliyachota na kuyaacha kwenye ndoo wazi, yalale mpaka harufu iishe. Sikuruhusiwa kubadilisha maji yote kwa mara moja. Nilitoa kidogo, nikatia kidogo. Stima ikipotea, na ilipotea mara nyingi, ile pampu ndogo ya hewa ilinyamaza, nami nilisimama na kikombe nikiyateka maji na kuyamimina kutoka juu, nikiteka tena na kumimina tena, ili yapate hewa. Chakula kilikuwa omena mkavu aliyesagwa, kidogo tu, kiasi cha jicho lao. "Samaki wa kufugwa hafi kwa njaa," mwalimu alisema. "Anakufa kwa kuhurumiwa." Nilikuwa mtoto wa kuhofia kila kitu, na kazi ile ilinifaa. Palikuwa na mambo ya kuhofia, na kila jambo lilikuwa na dawa yake.

Mwalimu alipohamishiwa shule ya mbali aliniachia tangi lote. Mama alilikubali kwa sharti kwamba lisikae juu ya meza ya wageni. Tukaliweka karibu na mlango, juu ya sanduku la mbao. Jirani yetu aliyeuza mandazi alikuja kulitazama, mikono kiunoni.

"Mama, hizi mnanenepesha ya Krismasi?"

"Ni ya mtoto. Wachana nazo."

"Watoto ya wengine wanataka baiskeli. Yako anataka kupea samaki chakula." Akainama zaidi. "Na zinakula omena. Samaki inakula samaki, na mimi mchana nimekula chai."

Mama alicheka. Nakumbuka hilo kwa sababu muda mfupi baadaye Dani aliletwa, na kicheko kikapungua.

Dani ni mama yake baba yangu. Aliletwa kutoka nyumbani, upande wa Seme, ili awe karibu na hospitali. Madaktari walimpima, wakampa dawa, wakasema ale. Lakini hakula. Mama alimpikia samaki wa ngege kwa maziwa, akampikia supu ya kuku, uji wa wimbi wenye limau. Dani alionja, akaweka kijiko chini kwa adabu, akageukia ukuta. Mikono yake ilikuwa imebaki ngozi. Siku moja alisema, kwa Kijaluo, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba angependa fulu. Fulu ni mchungu kidogo, alisema, na ule uchungu ndio unaofungua mdomo wa mgonjwa.

Mama aliondoka alfajiri kwenda Dunga. Akaenda soko la Kibuye. Akaenda Otonglo, mahali akina mama wa vijijini wanateremsha samaki wakavu kando ya barabara ya Busia. Alirudi jioni na omena, viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi, akarudia aliyoambiwa na muuzaji mmoja: "Fulu? Mama, siku hizi fulu iko tumboni ya mbuta." Hata wavuvi walikuwa wameanza kutumia kambare wadogo kwa chambo. Hatukujua kwamba mambo yalikuwa yamefika huko. Sisi fulu tulikuwa tunamwona kila siku.

Sasa fikiria alivyokuwa Mama. Mkwe wake amelala kwenye nyumba yake, hali kitu, ametaja chakula kimoja tu duniani. Mume yuko mbali. Ndugu za mume watakuja, na watauliza mzee alitaka nini na alipewa nini. Wamama wa kanisa walikuja kumwombea Dani, na walipokuwa wakitoka, yule wa mandazi alisimama mlangoni, akatazama chini.

"Na hizi si ni fulu?"

Mama alikuwa amemshikia mgeni mmoja mwavuli, akaendelea kuushika.

Wageni walipokwisha kuondoka aliniita. Hakunifokea wala hakunibembeleza. Alisema, "Mimi siwezi kuzitofautisha. Wewe ndiye unazijua. Chagua." Akaniwekea sufuria yenye maji kando ya tangi, akaenda kuwasha jiko.

Nilisimama pale. Kwanza nilifikiri nitoe walio dhaifu, kisha nikaona mgonjwa hawezi kulishwa samaki mgonjwa. Ilibidi awe yule mwenye jicho angavu na mapezi mazima. Yaani sheria za mwalimu zilikuwa zilezile, hakuna hata moja iliyobadilika. Nikamtoa dume kwanza. Nikawatoa majike wawili waliokuja wenyewe juu wakidhani naleta chakula. Palikuwa na jike mmoja nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba, mdomo umefungwa. Huyo nilimjua. Fulu jike huyabeba mayai yake mdomoni, na hata yakianguliwa huendelea kuwabeba watoto, na wakati wote huo hali kitu. Huyo nilimpita.

Sikulia. Watu huniuliza mambo ya utotoni wakitarajia nilie au nicheke, nami nimejaribu kukumbuka kama nilitaka kulia, lakini ninachokiona ni mkono wangu ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, na maji yalikuwa vuguvugu. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko linavyostahili. Labda nilihuzunika na nimesahau. Labda huzuni ilikuja ikakuta mlango umefungwa. Mama aliwapika na nyanya kidogo na chumvi, bila kutoa matumbo, kama Dani alivyoagiza, akasonga ugali wa mtama.

Dani alikula. Nilikuwa nimebeba maji ya kunawa, nikabaki nimesimama. Alikula polepole, akifyonza vichwa, akiweka mifupa ukingoni mwa sahani kwa mpangilio. Alipomaliza mmoja alinyoosha kipande kwa vidole.

"Nyakwara, mjukuu wangu, njoo uonje."

"Nimeshiba, Dani."

"Watoto wa mjini," akasema, akakila yeye.

Kesho yake aliuliza kama wapo wengine. Niliwachagua tena. Na kesho yake tena, mpaka akabaki yule jike wa nyuma ya jiwe. Siku hizo Dani alianza kukaa, kisha kusimama, na jioni moja tulisikia miguu yake ikiburuta sakafuni. Akatokea sebuleni ameshikilia ukuta, akaiona taa ya tangi.

"Mimi nilidhani ni televisheni," akasema.

Akaketi. Akamtazama jike, akatazama sanduku, akanitazama mimi. Mama alikuwa amemwambia fulu wanatoka Dunga.

"Kumbe nimekula samaki wa mtoto."

"Ni samaki tu, Mama," Mama akasema.

Dani hakubishana. Alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Huyu ana watoto mdomoni. Amekonda, hana nyama. Mwacheni." Kisha akaomba chai, akainywa na mandazi ya jirani, mawili.

Watoto walitoka siku chache baadaye, wadogo kama kope. Walielea mbele ya mama yao kama vumbi, na nikipita karibu walimrudia wote mdomoni, naye akafunga. Dani alivuta kiti akawatazama asubuhi nzima. Alisema tu kwamba hakuwahi kuliona jambo hilo likitendeka, ingawa amekula fulu tangu apate meno. Kwao fulu walimjua akiwa tayari kwenye ungo. Alipopata nguvu Dani alirudi nyumbani, na aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akilima kidogo na kulalamika sana.

Watoto wa fulu walikua. Desemba tulikwenda nyumbani kwa sikukuu, na stima ikapotea mjini tukiwa huko. Hakukuwa na mtu wa kusimama na kikombe. Tuliporudi maji yalikuwa meupe. Mama aliyamwaga kwenye sukuma wiki, akaosha tangi, na baadaye likawa la kuhifadhia unga.

Nilipokuwa chuo nilisoma kwamba fulu wa aina nyingi wamekwisha katika ziwa hili, na kwamba wengine hawakuwahi hata kupewa jina. Niliisoma sentensi hiyo, nikafunua ukurasa. Nimejiuliza yule dume wa buluu alikuwa wa aina gani, na kama palikuwa na mwingine kama yeye popote siku ile nilipomweka kwenye sufuria. Hakuna wa kumuuliza. Mwalimu sijui aliko. Dani amezikwa Seme. Wavuvi vijana wa Dunga ukiwatajia fulu wanafikiri kidogo kwanza.

Ninajua jinsi ya kumchagua, rafiki yangu. Ninajua maji anayoyataka, chakula chake, magonjwa yake, na jinsi mama anavyofunga mdomo. Dani alisema ni mchungu kidogo. Hilo siwezi kukuthibitishia.