Senolita Kwenye Mkeka wa Shangazi

Senolita Mapa Fakatava ni binti wa Viliami Fakatava, yule aliyekata mawe ya matumbawe ya kanisa la kijiji chetu cha Kolonga na kuyabeba begani mwake mwenyewe, kwa kuwa hakuwaamini farasi wa watu. Viliami ni mtoto wa Kaloline, mwanamke aliyeotesha heilala uani kwake mpaka wake wa machifu wakawa wanapiga hodi kuomba maua. Na Kaloline alizaliwa na Ana Mafi, ambaye siku moja alivishwa koja mbele ya kadamnasi, akalitazama, akalivua, akalifumua palepale na kulitunga upya, kisha ndipo akashukuru. Mtu akiniuliza Senolita alikutoa wapi kutotulia kwake, humwambia aanzie hapo.

Tuliketi benchi moja shuleni. Mwalimu wetu alichoka naye, akampa kipande cha chaki akishike ili mikono ipumzike. Kufika saa ya mapumziko chaki ilikuwa unga, na gauni la Senolita jeupe kama la mwokaji mikate. Bibi Kaloline hakumfundisha maua kwa sababu aliona kipaji, nani aliona kipaji? Alimfundisha ili vidole vyake vipate kazi, aache kuchomoa nyuzi za mikeka ya watu.

Humo ndimo alimojua kwamba maua yana ukoo kama binadamu. Heilala ndiye chifu: kiua kidogo chekundu, hakipiti punje ya hindi, lakini hakuna ua linalokaa juu yake. Langilangi, gadenia, vipande vya tunda la mkadi, kila kimoja kina daraja lake chini ya hapo. Ukiweka langilangi juu ya heilala kwenye mshipi wa maua wa bibi harusi, watu hawatasema umekosea maua. Watasema nyumba ile haijui nani ni nani.

Alipokuwa msichana alikwenda Auckland kwa mama yake mdogo, akapata kazi katika duka la maua. Alijifunza kutia waya ndani ya bua la waridi, kusimamisha mayungiyungi kwenye sifongo, kufunga mashada ya maharusi na ya maiti kwa karatasi za kumetameta. Walimpenda huko. Hakukaa.

"Dada," aliniambia aliporudi, "ukitia pua kwenye maua yale, hamna kitu. Ni kama kumbusu mtu kwenye picha."

Akaenda kisiwa cha Vava'u, akarudi. Akauza makoja sokoni Talamahu, akagombana na jirani wa meza, akahamia mlango wa pili. Akaolewa, akafiwa. Miguu yake haikutulia, ila kila harusi ya upande huu, kila mtoto aliyetimiza mwaka, kila jeneza, maua yalipita mikononi mwake. Hata wapinzani wake, nao hawakuwa wachache, walikubali kwamba mshipi aliofunga Senolita huvuliwa, haudondoki.

Mwanafunzi alikuwa naye mmoja tu, Kalisi, mdogo wake Nanise, na Nanise ndiye mke wa Semisi, kaka yake Senolita. Kalisi alikuwa mtu mzima mwenye watoto, mpole, mkaidi kimyakimya. Alikuja miaka na miaka. Lakini sikupata kumwona akimaliza fundo moja. Akianza tu, Senolita anampokonya.

"Lete! Lete hapa! Wewe unafunga maua au unafunga nguruwe?"

"Nilikuwa karibu kumaliza, dada."

"Karibu! Karibu ya nani? Maua yanakufa mkononi mwako."

Basi ikaja harusi ya Lesieli, mtoto wa kwanza wa Semisi, na bwana harusi mtu wa visiwa vya Ha'apai. Harusini hakuna aliye juu ya dada mkubwa wa baba. Hapiki, hafagii, hatungi. Huketi juu ya mikeka iliyopandana akaletewa. Kazi ni ya upande wa mama, na fahari ya kazi hiyo pia ni yao. Senolita alikuwa hana mkubwa mwingine wa kumkalia nafasi. Tukamvika, tukamkalisha, nami nikakaa ubavuni pake kumshikia upepeo.

Hakukalika. Baada ya ibada, tukisubiri karamu, tayari alikuwa amenyofoa nusu ya matamvua ya mkeka wa juu. Goti linacheza. Shingo inazunguka kama ya kuku aliyesikia mwewe.

"Mshipi uko wapi? Mbona siuoni mshipi?"

"Unakuja, wifi," Nanise alisema. "Tulia unywe maji."

"Sina kiu. Uko wapi?"

Ulipoletwa ulikuwa wa kupendeza macho, sisemi uongo. Heilala juu, gadenia katikati, mkadi chini, kila kitu katika daraja lake. Wapwa wa Nanise waliutengeneza kwa kufuata video, wakasimama mlangoni wakingoja sifa. Senolita aliugeuza nyuma. Utepe wa satini. Gundi ya moto. Hakuna fundo hata moja. Akagusa kishada kimoja kwa ukucha, kikabaki kwenye ukucha.

Lesieli alikuwa achezee watu wa Ha'apai ngoma ya bibi harusi, peke yake, mbele ya wakwe, na mwili mzima umepakwa mafuta ya nazi. Mafuta na gundi! Mshipi ule ungeachia kipande baada ya kipande katikati ya uwanja, na habari ingefika Ha'apai kabla ya meli.

Senolita akaweka mkono sakafuni kujiinua.

Nanise akamjia mbio. "Wifi, nakuomba! Ukiinuka ukashika uzi, ndugu zangu niwaweke wapi? Watu waseme ukoo wetu hauna mikono, mpaka shangazi mtu atoke mkekani?"

"Na mwanao akibaki kiuno kitupu mbele ya wakwe, watasema ukoo wenu una nini?"

Nje ya dirisha tukasikia mtu akikohoa. Alikuwa Semisi. Kaka haingii nyumba aliyoketi dada yake, wala hamwambii neno usoni, kwa hiyo aliuambia ukuta. "Nanise! Mwambie anayestahili kukaa, akae. Mimi baba wa bibi harusi naomba."

"Nanise," Senolita akajibu bila kugeuka, "mwambie mumeo masikio ninayo."

Akakaa. Ila mikono ilikuwa inatafuta uzi, mpaka akaikalia. Naam, aliikalia mikono yake mwenyewe, mwanamke mkubwa vile, na mavazi ya heshima juu.

Hapo Kalisi akatoka jikoni na aproni yake ya masizi, akanawa, akapiga magoti mbele ya mikeka. "Niambie, dada. Nitafanya mimi."

"Nikuambie nini? Mimi sijui kwa mdomo. Najua kwa vidole."

"Basi jaribu kwa mdomo. Watu wa Ha'apai wameanza kuketi."

Ukili wa mkadi ukaletwa, na nyuzi za mgomba zilizolowekwa. Kalisi akaanza kung'oa vishada kwenye satini, Lesieli amesimama karibu na kanga begani, machozi yanamlenga.

"Shika vikonyo vitatu. Sivyo. Vitatu! Sasa zungusha. Sio huko!"

"Huko wapi, dada?"

"Huko kwa... ah! Kule unakokwenda uzi!"

"Uzi unakwenda ninakoupeleka mimi."

Wanawake wakacheka, Senolita hakucheka. Fundo la kwanza likafunguka. La pili likakata vikonyo. Nje ngoma ikaanza kupimwa, pu, pu, na kila pigo Senolita aliruka kidogo alipokaa. Nikamshika bega, nikaona jasho limepita nguo.

Kisha akafumba macho. Naona ndani ya giza lile ndipo alipovitazama vidole vyake kwa mara ya kwanza.

"Kalisi. Nguruwe wa kupeleka kwa watu unamfungaje miguu?"

"Nazungusha mara mbili, napitisha chini, navuta kuelekea kwangu."

"Kuelekea kwako?"

"Ndiyo. Nikivuta kwenda kwake anaponyoka."

"Basi funga nguruwe!" Senolita akapiga kelele. "Miaka yote hii nakutukana, kumbe ulikuwa unajua! Funga nguruwe, mwanamke, funga!"

Kalisi akafunga. Fundo likashika. Akavuta kishada, ukili ukafuata wote. Wapwa wakaacha mlango wakaja kumpa vikonyo, huyu heilala, yule gadenia, na kila mkono ulipopeleka ua lisilo la daraja lake, Senolita alitoa mlio wa koo tu, mkono ukarudi. Mwisho wa mshipi ulifungwa kiunoni mwa Lesieli akiwa ameshaitwa mara mbili.

Uwanjani wengine walitazama mikono ya bibi harusi, na kweli ilikuwa mikono ya kutazamwa. Senolita alitazama kiuno. Mafuta yaling'aa. Mjomba mmoja wa bwana harusi, mzito, akaingia kumchezea pembeni kwa mizaha kama ilivyo ada, akateleza, akajishika kwenye mshipi ule asianguke. Mtu mzima, uzito wote ule! Senolita alinibana paja, alama yake niliibeba siku kadhaa. Mshipi ulishuka upana wa kidole, ukang'ang'ania hapo. Lesieli akazunguka, akatabasamu, akaendelea.

Ngoma ilipokwisha alikuja akaufungua na kuuweka mapajani pa shangazi yake, kama haki ilivyo. Watu walipiga makofi. Senolita akaugeuza nyuma. Mafundo ya Kalisi yalikuwa makubwa, mabaya, yamepishana kama meno ya mtoto. Ukucha ukaenda kwenye moja kulisawazisha. Ukagota. Ukarudi.

"Kalisi yuko wapi?"

"Jikoni, anaosha vyungu."

"Aitwe."

Akaja, mikono inachuruzika maji. Senolita hakumsifu. Goti lake lilikuwa limeanza tena kucheza.

"Mtoto wa Sateki anatimiza mwaka Jumatano. Mama yake Sateki aliniomba koja la mtoto na mishipi ya shangazi zake wawili."

"Ndiyo, dada. Nije saa ngapi kukusaidia?"

"Nani kasema unisaidie? Kesho Jumapili, hakuna mtu kushika uzi. Jumatatu uende kwa mama Sateki, umwambie kazi unayo wewe. Jumatano alfajiri uingie uani kwangu, uchume mwenyewe, kabla umande haujakauka."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Ndani. Utanifungia mlango kwa nje. Ukisikia nagonga kutoka ndani, usinifungulie."