Presha Yangu Waliijua Wao

Kwetu Gihundwe, presha ni ugonjwa wa mawazo. Muulize yeyote. Mwenye presha hapewi habari mbaya, hata ya mbuzi kufa. Kwa hiyo mimba yangu ya kwanza ilipofika miezi saba na kipimo kikapanda, nyumba nzima ilianza kunyata.

Siku ile kliniki nilikuwa nimetoka na kikopo cha mkojo. Nesi akamweleza mume wangu dalili za hatari: kichwa kuuma bila kuachia, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu. Ikija hata moja, aniwahishe hospitali. Niliporudi nikapewa vidonge na tabasamu.

Nyumbani mama mkwe akamwonya mwanawe: "Usimuambie ile maneno, papa. Ataogopa, tension itapanda." Haya niliyajua baadaye, kwa kinywa cha mama mkwe mwenyewe, akilia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu mgonjwa anayefichwa maradhi yake. Mume wangu alinyamaza kwa mapenzi. Hilo ndilo linaloniua. Ningepata mtu wa kumchukia, ningepumzika.

Vidonge nilimeza, sikuruka hata kimoja. Lakini asubuhi moja niliamka kichwa kinagonga, vimulimuli vinacheza machoni. Nikasema ni jua la jana sokoni Kamembe. Nikajifunga kitambaa kichwani, nikakaa kuchambua maharage. Sikumwambia mtu, kichwa tu, nani asiyeumwa kichwa? Jioni nilianguka jikoni, mwili mzima ukitetemeka.

Nilizinduka hospitali, nimeshapasuliwa. Nikauliza mtoto yuko wapi.

"Mutoto iko ku mashine, maman," mama mkwe akasema. "Lala. Usifikiri sana."

Nikalala. Kisha maziwa yakaja, gauni likalowa, nami nikafurahi kwamba sasa nina kazi. Nilikamua kidogo kidogo kwenye kikombe, mshono ukiniwaka moto, nikampa mama mkwe ampelekee. Alikipokea kwa mikono miwili, akatoka nacho. Akarudi kikombe kimeoshwa. Nikamshukuru Mungu: mwanangu amemaliza yote.

Tulifanya hivyo mpaka presha iliposhuka. Ndipo mume wangu alipokaa ukingoni mwa kitanda, akaniambia kwamba mtoto wetu, wa kiume, alikuwa amezikwa Nyakarenzo tangu kabla maziwa hayajaja.